Mpaka Huwekwa Wavu Ungali Umejaa



Kila mwaka, tarehe 15 Mei inapokaribia, maneno yaleyale hurudi katika miji na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazolishiriki ziwa hilo, yaani Kongo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kwamba uvuvi usimame kwa miezi mitatu kila mwaka, hadi tarehe 15 Agosti, ili ndakala na mikeke wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Wenye kuandika amri huandika kwa saa moja. Wenye kuifuata huifuata kwa siku tisini na zaidi, na katika siku hizo watoto hula kila jioni kama siku nyingine zote. Ndiyo maana swali ambalo vijana wengi huliuliza katika mikutano yetu si swali la ubishi: je, Mkristo aweza kumwambia mwenye njaa aache wavu wake, wakati hata wataalamu wenyewe hawajui kwa hakika samaki wangapi wamesalia majini?

Mimi naamini kwamba aweza, na kwamba imempasa, lakini kwa sharti moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Ili nilieleze jambo hilo vizuri naomba ruhusa ya kuanzia mbali, katika bahari baridi za kaskazini, kwa kiumbe mdogo wa jamii ya wale ambao ndugu zetu wa Kinshasa na Kongo-Kati huwaita kosa-kosa. Kwa Kiswahili cha pwani huitwa kamba. Nimemchagua yeye kwa sababu katika uvuvi wake mpaka umewekwa mapema mahali fulani na umechelewa mahali pengine, na hesabu zote zimeandikwa, hata sisi tulio mbali twaweza kuzisoma na kupima.

Kamba wa kaskazini huanza maisha yake akiwa dume. Afikapo umri wa miaka mitatu na nusu hivi hugeuka kuwa jike, na hubaki jike hadi kufa kwake. Tafakarini maana yake. Wavu unaochagua kamba wakubwa, wenye bei nzuri, huchagua kina mama peke yao. Katika Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, majike hao huikaribia pwani wakati wa baridi kali, wakiwa wamebeba mayai chini ya tumbo. Na majira hayo ndiyo yaliyokuwa msimu wa kuwavua, kwa maana mashua ndogo hazikuhitaji kwenda mbali. Aliyezoea kusoma Kumbukumbu la Torati atakumbuka agizo fupi katika sura ya 22, ambalo wahubiri hulipita haraka: mtu akikuta kiota njiani, na ndege ameyalalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Agizo hilo halimkatazi mtu kula. Linaweka mpaka mahali pamoja tu, pale ambapo mlo wa leo ungekula pia mlo wa kesho.

Mwaka 1969 wavuvi wa ghuba ile walipata tani zipatazo 12,800 za kamba. Mwaka 1977 walipata tani 400 hivi. Mwaka uliofuata uvuvi ukafungwa. Na hapa historia ina neno la faraja ambalo sitaki lipite bila kutajwa: kufunga kulisaidia. Kamba wakarudi, mashua zikarudi, na kwa miaka mingi baadaye familia za pwani ile zikapata tena mapato yao ya msimu wa baridi.

Mara ya pili haikuwa hivyo. Mwaka 2010 na mwaka 2011 kamba walionekana wengi, bei ikavutia, mashua zikaongezeka, na kiasi kilichoruhusiwa kikapitwa kabla msimu haujaisha. Mwaka 2012 maji ya ghuba yakapata joto lisilo la kawaida. Mwaka 2013 wavuvi waliruhusiwa tani 625, na hawakuweza kukifikia kiasi hicho. Mwishoni mwa mwaka huo wenye mamlaka wakafunga uvuvi kuanzia msimu wa 2014, na tangu hapo haujafunguliwa tena kwa biashara. Wakati wa baridi wa mwaka 2025 mashua chache zilipewa kibali cha kujaribu, ili ijulikane kama kuna dalili ya uhai. Katika majaribio yote walipata kamba sabini. Sisemi magunia sabini. Ni kamba sabini, waliohesabiwa mmoja mmoja, ambao uzito wao wote haufiki kilo mbili.

Hukumu rahisi ingekuwa kusema kwamba wavuvi wale walikuwa walafi. Sioni kwamba hiyo ndiyo haki. Walikuwa na wataalamu, walikuwa na sheria, walikuwa na kiasi kilichowekwa kila mwaka na watu wa kukisimamia. Lakini kiasi kile kilipimwa kana kwamba bahari ya kesho itakuwa kama bahari ya jana. Baadaye watafiti walionyesha kwamba joto la mwaka 2012 liliwafungulia njia ngisi, walioingia kwa wingi katika ghuba na kuwala kamba. Mwaka 2010 hakuna aliyekuwa amemweka ngisi katika hesabu. Ndiyo hali ya kila hesabu ya wanadamu: kuna ngisi ambaye hatujamwandika. Tahadhari ni kumwachia nafasi yake kabla hatujalijua jina lake.

Wazo hilo si la Wakristo peke yao. Mataifa yaliyokutana Rio mwaka 1992 yalikubali kwamba, pale ambapo kuna hatari ya hasara kubwa au isiyorekebishika, upungufu wa uhakika wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuahirisha hatua. Mwaka 1995 mapatano ya Umoja wa Mataifa kuhusu samaki wanaohama kutoka maji ya nchi moja hadi nyingine yaliingiza kanuni hiyo katika uvuvi, yakadai mipaka iwekwe mapema, na watawala wazidi kuwa waangalifu kadiri habari zao zilivyo haba. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliichukua kanuni ya Rio katika fungu la 186 na kuieleza kwa upande wa wanyonge: ikiwa kuna dalili za madhara makubwa, mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya yule anayetaka kuendelea, usiwe juu ya yule atakayeumia. Vijana, someni fungu hilo pamoja katika mashirika yenu. Ni fupi, na linageuza juu chini namna tunavyobishana. Sisi kwa kawaida humwambia anayetaka kusimama, «Thibitisha kwamba samaki wanaisha.» Kanuni hii inamgeukia anayetaka kuendelea na kumwuliza, «Wewe umejuaje kwamba watatosha?»

Sasa, mpaka wenyewe una umbo gani? Wengi wetu tukisikia «mpaka» twafikiri juu ya tarehe katika kalenda au juu ya askari ufukoni. Nchini Kanada, ambako kamba huyohuyo huvuliwa kati ya Labrador na Newfoundland, wamejaribu kuueleza kwa namna ambayo hata mwana wa mkulima ataielewa. Walichukua miaka ambayo kamba walikuwa wengi, 1996 hadi 2003, wakatafuta wastani wa uzito wa majike waliokuwa tayari kuzaa. Wastani huo ukawa kama alama ya juu iliyochorwa katika ukuta wa ghala. Majike walipokuwa zaidi ya asilimia 80 ya alama hiyo, uvuvi ulihesabiwa kuwa katika hali njema. Waliposhuka chini ya 80, yaani walipokuwa kati ya 80 na 30, kila hatua ya kushuka ilipunguza kiasi cha kuvua. Walipokwenda chini ya 30, walihesabiwa kuwa katika hali ya hatari, na shughuli ya kwanza ilikuwa kuwaacha wajenge upya kizazi chao. Mwaka 2017, katika eneo moja kubwa la kaskazini-mashariki mwa Newfoundland, kiasi kilichoruhusiwa kilipunguzwa kwa zaidi ya nusu kwa sababu alama ya chini ilikuwa imepitwa.

Sikuleta hesabu hizo ili mzikariri. Ninachotaka mkione ni wakati zilipokubaliwa. Alama zilichorwa kabla ya shida kuwa kubwa, wakati hakuna aliyejua ni nani ataumia. Ndiyo siri yake yote. Ukisubiri wavu urudi mtupu ndipo uitishe mkutano, kila mmoja atakuja na njaa yake, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Watu wakikubaliana wakati wavu ungali umejaa, wanaamua kwa akili iliyotulia, na siku ya shida ikifika hakuna la kubishania isipokuwa kusoma alama.

Hata Kanada, lakini, hawakujifunza hayo kwa bei rahisi. Pwani hiyohiyo ya Newfoundland ilikuwa maarufu kwa samaki wa kod, yule ambaye sisi tumemfahamu tangu utoto akiwa amekaushwa kwa chumvi na kuitwa makayabu. Kwa karne nyingi watu walidhani haishi. Mwezi wa Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi wake, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi karibu kwa siku moja. Wataalamu walikuwa wameonya, na wavuvi wadogo wa pwani nao walikuwa wameonya, lakini kila mwaka kiasi kiliwekwa juu kidogo kuliko ilivyofaa, kwa kuwahurumia watu. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyowaondolea watu hao kazi yote. Serikali ililazimika kuwalipa posho kwa miaka kadhaa, nao wengi wakageukia kamba na kaa, ambao waliongezeka kwa sehemu kwa sababu yule kod aliyekuwa akiwala hakuwapo tena.

Na hapo lilizuka jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha makala hii. Wavuvi wadogo wa mashua waliingia katika uvuvi wa kamba kwa wingi tangu 1997. Meli kubwa zenye mitambo ya kugandisha zilikuwa zimetangulia. Kukawa na kanuni kwamba, siku kamba watakapopungua, aliyeingia mwisho atatoka kwanza. Kwa maandishi kanuni hiyo yaonekana kuwa ya haki, kama foleni ya kuchota maji. Kwa matendo ilimaanisha kwamba upungufu ulipoanza, mzigo mkubwa uliangukia watu wa mashua ndogo, wale wenye nyumba zao ufukoni, huku meli kubwa zikipunguziwa kidogo. Ulizuka ubishi mkali, na mwaka 2016 serikali ikaifuta kanuni hiyo na kuagiza kila upande upunguziwe kwa kadiri ya sehemu yake. Mpaka wa kamba ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokuwa kibaya ni jibu la swali hili: nani aanze kulala njaa?

Pwani ya Kenya nayo ina mfano wake, katika Ghuba ya Ungwana, mahali mito Tana na Sabaki inapoingia baharini na kuwapa kamba matope wanayoyapenda. Meli za kukokota nyavu zilizozana kwa miaka mingi na wavuvi wa mitumbwi, ambao walilalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wachanga wanatupwa. Uvuvi wa meli ukasimamishwa mwaka 2006, ukafunguliwa tena mwaka 2011 kwa masharti: meli chache, mbali na ufuko, miezi ya kupumzisha, na kifaa cha kuwatoa kasa wavuni. Wavuvi wa mitumbwi hawakusimamishwa pamoja na meli. Aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kuharibu ndiye aliyeanza kuzuiwa.

Turudi basi kwenye ziwa letu. Ndakala si kamba wa Maine. Huishi mwaka mmoja hivi, huzaa upesi, na kwa hiyo aweza kupungua upesi na kurudi upesi. Katika jambo hilo Mungu ametuhurumia kuliko alivyowahurumia watu wa Maine. Lakini ziwa lenyewe halina haraka. Kina chake chafikia mita 1,470, na chakula cha samaki hutegemea rutuba inayopanda kutoka chini pepo zinapoyakoroga maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, kwamba yanachanganyika kwa shida na yale ya chini, na kwamba mimea midogo ambayo ni msingi wa mlo wote wa ziwa imepungua kwa kadiri ya asilimia 20. Huyo ndiye ngisi wetu. Hata kama tungevua kwa kiasi kilekile cha babu zetu, meza tunayokula imepunguzwa bila sisi kuulizwa. Nasi hatuvui kwa kiasi cha babu zetu. Mitumbwi imeongezeka, taa zimekuwa kali, macho ya nyavu yamekuwa madogo, na kuna mahali ambapo chandarua kilichotolewa kumlinda mtoto na mbu kinakokotwa ufukoni, kikichukua hata samaki wasiofika urefu wa kucha.

Wazee wanajua kwamba ziwa lilikuwa na kipimo chake lenyewe. Siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki, basi mvuvi wa usiku hutengeneza nyavu na kukaa na wanawe. Ilikuwa pumziko ambalo hakuna mbunge aliyelipigia kura. Sitaki kulipamba kupita kiasi, kwa maana wiki moja ya mwezi haitoshi kwa idadi ya mitumbwi ya leo. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kusimama si jambo la kigeni kwetu, lililoletwa na wageni katika mkoba wa semina.

Kwa hiyo naunga mkono kufungwa kwa ziwa. Naliunga mkono hata nikijua kwamba huenda miezi iliyochaguliwa si miezi bora kwa kila aina ya samaki na kwa kila upande wa ziwa. Kungoja hadi tujue kila kitu ni kuchagua kuendelea. Hata hivyo nasema pia kwamba miezi mitatu haijawa bado mpaka kamili. Tarehe hutuambia lini tusimame. Haituambii ni mitumbwi mingapi itakayorudi majini tarehe 16 Agosti, ikiwa na deni la miezi mitatu la kulipa na hamu ya kulilipa kwa usiku mmoja. Mtu akifunga Kwaresima yote kisha akala hadi kuugua Jumatatu ya Pasaka, hatusemi kwamba amejifunza kiasi. Ziwa letu linahitaji alama ukutani: idadi ya mitumbwi na taa isiyopitwa, ukubwa wa macho ya nyavu, na kiwango cha chini ambacho kikifikiwa nchi zote nne zitapunguza kwa pamoja, bila kungojana. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ipo kwa ajili ya kazi ya namna hiyo, kwa nguvu ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2003. Samaki hawana pasi ya kusafiria. Aliyeachwa upande wa Kalemie aweza kuvuliwa upande wa Kigoma.

Najua jibu la kijana wa ufukoni, na sitaki kulikwepa, kwa maana ni jibu zito. Atasema: «Mwenye mashine na taa ishirini ameweka akiba. Mimi nina mtumbwi wa kukodi. Mkifunga, yeye atapumzika, mimi nitakopa. Na usiku nitamwona akipita kwa sababu amemlipa mwenye sare.» Kila sehemu ya usemi huo yaweza kuwa kweli. Mpaka unaovukwa kwa noti huwa kodi inayolipwa na maskini peke yao, na hauwezi kumlinda samaki yeyote. Tena katika mikoa yetu, ambako amani ni haba na familia nyingi zimefika ziwani kwa sababu zimekimbia mashamba yao, wavu mara nyingi ni kimbilio la mwisho la aliyepoteza vyote, wala si kazi aliyoichagua. Kumwambia mtu huyo «subiri» bila kumwambia atakula nini ni kumnyang'anya kwa maneno mazuri.

Hapa Maandiko yanatufundisha jambo ambalo wataalamu wa Kanada walilifikia kwa kuchelewa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu anapoagiza shamba lipumzike mwaka wa saba, sababu inayotajwa papo hapo ni kwamba maskini wa taifa wapate kula, na wanyama wa mwitu wale masalio yao. Pumziko la ardhi na mlo wa maskini vimewekwa katika sentensi moja. Sisi tumezitenganisha: wizara moja inafunga maji, na hakuna wizara inayofungua ghala. Hilo ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Mwenye kudai ziwa lipumzike anadaiwa pia chakula cha yule anayepumzika. Asiyekuwa tayari kulipa sehemu ya pili hana haki ya kuhubiri ya kwanza, hata akiwa amevaa kanzu.

Sisemi kwamba parokia zichukue nafasi ya serikali. Serikali isisahauliwe kudaiwa, nayo inajua kukusanya ushuru wa samaki katika miezi tisa mingine. Lakini kuna mambo ambayo kikundi cha vijana chaweza kuyafanya bila kungoja Kinshasa. Sadaka moja ya mwezi wa Mei, ya mahindi, mihogo na maharagwe kutoka parokia za milimani, yaweza kutengwa kwa ajili ya familia za wavuvi wasio na mtumbwi wao wenyewe, na igawiwe na watu wanaozijua nyumba hizo kwa majina. Kinamama wanaouza ndakala, ambao hawatajwi katika amri yoyote ingawa biashara yao husimama siku ileile, wanaweza kukopeshana mtaji mdogo kabla ya kufungwa, badala ya kumwendea mkopeshaji baada ya kufungwa. Tena vijana waliokwenda shule waweza kuhudhuria vikao vya wavuvi, wakasoma amri kwa sauti na kuuliza mbele ya wote nani amesamehewa na kwa nini. Swali likiulizwa hadharani, na likaandikwa, humpa taabu mwenye sare kuliko hotuba ndefu.

Na kuna kazi moja zaidi, ambayo naiona ndogo na naiona kubwa. Alama haiwezi kuchorwa ukutani bila hesabu, na hesabu za upande wetu wa ziwa ni chache. Mwinjili Yohane, katika sura ya 21, aliona vema kutuambia kwamba wavu wa Petro ulileta samaki 153, na kwamba haukupasuka. Mababa wa Kanisa wametafuta mafumbo mengi katika tarakimu hiyo, nami siwapingi. Lakini kabla ya fumbo kulikuwa na mtu fulani, asubuhi ile, aliyeinama ufukoni na kuhesabu.

Vijana wa parokia yoyote ya kando ya ziwa wanaweza kuanza kabla ya Mei ijayo. Wachague ufuko mmoja, na asubuhi mbili kwa wiki, zilezile kila wiki. Waandike tarehe, hali ya mwezi na ya upepo, mitumbwi iliyotoka na taa ilizobeba, mabeseni iliyorudi nayo, na urefu wa ndakala kumi waliotolewa juu ya beseni bila kuchaguliwa, wakipimwa kwa rula ya shule. Wasiandike majina ya wenye mitumbwi, ili daftari lisije likawa silaha ya mtoza ushuru. Wakati wa kufungwa waendelee kwenda ufukoni siku zilezile, waandike nani anatoka usiku na wangapi, bila majina vilevile. Tarehe 16 Agosti waanze ukurasa mpya. Daftari la kurasa mia moja latosha kwa mwaka mzima, na nakala yake moja ikae kwa paroko.